Swali la lugha: "Baba ako kazini"

Mama mmoja mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia hivi: "Mimi ni Mkamba, mume wangu ni mtu wa Mombasa, na mtoto wetu aliye gredi ya nne amezaliwa na kulelewa hapa Nairobi. Katika insha yake aliandika 'Baba ako kazini' na 'vitabu zangu zimepotea'. Mwalimu alipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: 'Hiki si Kiswahili.' Mama mkwe wangu naye humcheka kila amsikiapo. Sasa mtoto hujibu kwa Kiingereza tu. Je, 'ako' ni kosa? Na je, ni Kikamba changu kinachomharibia lugha?"

Nianze na lililo jepesi, mama. Katika Kiswahili sanifu umbo linalotakiwa ni "yuko", kwa hiyo "Baba yuko kazini". Nayo nomino "vitabu", kwa kuwa imo katika ngeli ya KI-VI, hudai "vitabu vyangu vimepotea". Mwanao atapimwa kwa maumbo hayo katika mtihani, na mwalimu ana wajibu wa kumfundisha. Kuhusu sahihisho lenyewe sina ubishi. Ninachokipinga ni yale maneno matatu ya pembeni, kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu yanamwambia mtoto jambo zito kuliko alilokusudia mwalimu.

Tulitazame hilo "ako" kwa makini. Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika vitenzi vya Kiswahili ni a-: anasoma, alilala, atakuja. Kiambishi yu- kimebaki mahali pachache tu, kama vile yuko, yupo, yumo na "yu hai". Tena hata katika sanifu yenyewe, sentensi ikigeuka kuwa ya urejeshi, a- hurudi mara moja: twasema "sijui aliko", wala hakuna asemaye "sijui yuliko". Mtoto aliyesikia anasoma, alilala na aliko, kisha akasema "ako", hakubahatisha. Ameishika kanuni kuu ya lugha na kuieneza hadi mahali ambapo sanifu imehifadhi umbo la pekee.

"Vitabu zangu" nayo ina utaratibu wake. Katika Kiswahili cha Nairobi, upatanisho wa vitu visivyo na uhai umepunguzwa ukawa wa namna mbili, i- kwa umoja na zi- kwa wingi: kitabu yangu imepotea, vitabu zangu zimepotea, mti imeanguka, miti zimeanguka. Lakini nenda Umoja, Kayole au Dandora usikilize watoto wakicheza, hutamsikia hata mmoja akisema "watu zimekuja". Mpaka kati ya kilicho hai na kisicho hai unalindwa na kila msemaji, bila kufundishwa na yeyote. Lugha iliyoharibika haiwi na mipaka inayolindwa namna hiyo. Hii ni lahaja yenye sarufi yake, tofauti na sarufi ya kitabuni, na jina lake ni Kiswahili.

Kikamba chako hakina hatia hapa. "Ako" husemwa na watoto wa Kiluo, wa Kikuyu, wa Kisomali kule Eastleigh, na hata wale wasiojua lugha nyingine yoyote ya nyumbani. Isitoshe, Kikamba kina ngeli na upatanisho uliokamilika. Anayekisema amekwisha kuzoea kwamba kila kundi la nomino lina kiambishi chake, jambo ambalo lingemrahisishia sanifu. Imani kwamba lugha mbili humchanganya mtoto ni ya zamani, na ilitikiswa mwaka 1962 na wanasaikolojia Elizabeth Peal na Wallace Lambert, waliowapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, nchini Kanada. Walipohakikisha kwamba hali za maisha za watoto hao zinalingana, wale wenye lugha mbili walifanya vizuri kuliko wenye lugha moja. Usikiache Kikamba.

Kisa cha mama mkwe kinahitaji historia kidogo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kiswahili kilipanda nayo kutoka pwani. Watu wazima wa makabila mengi walijifunza kukisema kazini na sokoni kama lugha ya pili. Watoto waliozaliwa Pumwani na mitaa iliyofuata wakakipokea mlangoni kama lugha ya kwanza, wakakipa sura yake. Wakati huohuo, Kiswahili cha vitabuni kilikuwa kinatengenezwa kwingine: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kimvita, lahaja ya Mombasa yenye hazina kubwa ya mashairi, kiliachwa nje. Kwa hiyo bibi huyo akisema "mato" badala ya macho, "ndia" badala ya njia, "ndaa" badala ya njaa, kalamu nyekundu ileile ingepita juu ya maneno yake. Namwomba, kwa heshima zote, aache kumcheka mjukuu na badala yake amsimulie hadithi kwa Kimvita chake, ili mtoto ajue mapema kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi.

Kwa nini basi "ako" hudharauliwa? Huyo Lambert na wenzake walichapisha mwaka 1960 jaribio ambalo kila mwalimu wa lugha angefaa kulijua. Waliwarekodi watu wenye lugha mbili wakisoma maneno yaleyale, mara kwa Kifaransa na mara kwa Kiingereza, kisha wakawauliza wasikilizaji wamkadirie kila msemaji akili, uaminifu na sifa nyinginezo, bila kuwaambia kwamba sauti mbili ni za mtu mmoja. Aliposoma kwa Kiingereza alikadiriwa juu zaidi katika sifa nyingi, na wasikilizaji wa Kifaransa wenyewe walihukumu hivyohivyo. Walichokuwa wakikipima ni hadhi ya kundi linalohusishwa na lugha, wala si lugha. Ndivyo "ako" inavyobebeshwa mzigo wa Eastlands yote, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi kama Umoja, Kayole na Dandora.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mwanao hajui Kikamba vya kutosha, bibi yake msemaji wa Kimvita humcheka, na Kiswahili alichozaliwa ndani yake ameambiwa si Kiswahili. Amekimbilia Kiingereza kwa kuwa ndiko pekee alikosahihishwa bila kukanwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka Serikali ikuze na ilinde lugha nyinginezo za watu wa Kenya. Taifa hilo ni pamoja na mtoto wa Umoja.

Mwambie hivi: mtaani tunasema "ako", katika daftari tunaandika "yuko", na zote mbili ni zako. Mfanyishe zoezi la kugeuza sentensi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, watoto hulipenda. Katika insha, anaweza kumwacha mhusika aseme "ako" ndani ya alama za mtajo huku msimulizi akiandika sanifu, na mwalimu umwombe kwa upole akubali hilo.

Tahadhari moja kabla ya insha ijayo. Kama anaandika "ako", bila shaka anasema pia "ako na homa" na "niko na swali". Sanifu hutaka "ana homa" na "nina swali", kwa kuwa humo "yuko na" humaanisha kuwa pamoja: "Mama yuko na daktari" ni kwamba wameketi pamoja, ilhali "Mama ana daktari" ni kwamba yupo daktari anayemtibu. Mfundishe kwa mfano huo.