Muulize Fundi wa Meli: Mizinga 12 ya Nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika hadithi ya wanamaji wa angani. Meli za mizigo zinabeba barafu kutoka kwenye pete za Zohali kwenda Mirihi, na zinalindwa na manowari za kusindikiza za aina ya Mgebuka. Kila Mgebuka ina watu 40, mizinga 12 ya leza, na mwendo mara tatu ya meli za barafu. Kaka yangu anasema zimekaa kitoto. Kasoro iko wapi? Tena, kitu kikilipuka nje, watasikia? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina nimelipenda, la samaki wetu mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Hapa Kigoma hakuna atakayeuliza kwa nini meli hiyo ni nyembamba na ina mbio.

Kasoro ni kwamba umeiunda Mgebuka kabla hujaifikiria meli ya barafu. Angani hakuna maji ya kukizuia chombo. Ukizima injini kinazidi kwenda. Kinachokwisha ni mafuta, kwa sababu unayachoma ukiongeza mwendo na unayachoma tena ukipunguza. Mgebuka ikijitia mbio itawaacha wenye barafu nyuma, halafu itachoma mengine kuwangoja. Ipunguzie mizinga ibaki miwili, uiongezee matangi.

Sasa joto, na hapa ndipo nilipokula chumvi. Ziwani injini ikichemka tunavuta maji ya ziwa yanaipoza, tunayatupa, basi. Huko hakuna maji wala upepo. Joto linatoka kwa mnururisho tu, yaani kama joto la jua linavyotufikia, polepole. Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga kimetandaza rejeta kubwa nje, amonia inazunguka ndani yake kutoa joto. Na hicho hakipigi hata risasi! Leza 12 zikifyatuka pamoja, watu wako 40 wataiva kabla ya adui kufika. Ipe Mgebuka rejeta pana kama tanga, na adui ajue kuzilenga hizo. Hapo umepata sura nzima ya vita.

Kaka yako akikuambia mizinga miwili ni aibu, mtajie korveti (manowari ndogo za kusindikiza) za Uingereza za aina ya Flower katika Vita Kuu ya Pili. Zilichorwa kwa kufuata meli ya kuwindia nyangumi, zikawa na mzinga mkubwa mmoja wa inchi 4 na mwendo wa noti 16 hivi, kama kilomita 30 kwa saa. Nyambizi ya Kijerumani ikiibuka juu ya maji iliweza kuzikimbia. Lakini zilijengeka hata kwenye karakana ndogo, kwa hiyo zilikuwa nyingi, na misafara ya meli za mizigo ilizihitaji.

Ila angalia mzinga unatazama wapi. Tarehe 26 Desemba 1915, humu humu Ziwa Tanganyika, meli ya Wajerumani Kingani ilikuwa na mzinga wa kupiga mbele tu. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zenye mbio kuliko yenyewe, zikaizidi ujanja na kuiteka. Wakaibatiza Fifi, jina la ajabu kwa manowari, lakini kamanda wao alikuwa na vituko vyake.

Mlipuko wa nje hawatausikia, maana hakuna hewa ya kubeba sauti. Kipande cha chuma kikigonga ubavu wa Mgebuka, hapo watasikia vizuri sana, na aliye chumba cha injini atasikia kuliko wote.