Gari Linachemsha na Maji Yanapungua: Tafuta Yanakokwenda Kabla ya Kununua Kifaa

Dashibodi za Toyota Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi. Kati ya hizo mbili dereva hajui kinachoendelea. Baya zaidi ni kwamba sensa ya joto hufanya kazi ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, sensa inabaki kwenye hewa au mvuke na inaweza kusoma joto la chini kuliko lililopo. Taa inachelewa, au haiwaki kabisa, huku hedi (kichwa cha injini) inaungua. Kwa hiyo usiitegemee taa. Fungua boneti angalau mara moja kwa wiki, asubuhi injini ikiwa ya baridi, utazame maji kwa macho yako.

Tuchukue injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,500, iliyo kwenye Vitz, IST, Raum na Probox nyingi za barabarani kwetu. Bloku (mwili wa injini) na hedi zake zote ni za alumini, na mfumo wake wa maji unachukua takriban lita 5. Mfumo huo umefungwa. Kulanti, yaani maji yenye dawa yanayopoza injini, haiunguzwi kama petroli, na gari zima linaweza kukaa miezi bila kuongezwa kitu. Ukiwa unaongeza nusu lita kila wiki, gari lako ni gonjwa hata kama halijawahi kuchemsha. Kubadilisha themostati (valvu inayofunguka kwa joto kuyapitisha maji kwenye rejeta) leo, pampu ya maji kesho na rejeta keshokutwa ni kubahatisha kwa pesa zako. Maji yana njia mbili tu za kupotelea: yanatoka nje, au yanaingia ndani ya injini. Jua kwanza ni ipi.

Anza na mfuniko wa rejeta, kwa sababu ni wa bei ndogo na watu wengi wanaudharau. Usiufungue injini ikiwa ya moto. Subiri hadi hozi ya juu iwe ya baridi na ibonyee ukiiminya. Kazi ya mfuniko ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Kwenye miji ya mwinuko kama Mbeya au Nairobi, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na injini hii hufanya kazi karibu kabisa na hapo. Mfuniko mzima ulioandikwa presha ya 1.1 unasogeza kiwango hicho hadi takriban nyuzi 120, na kulanti inakipandisha zaidi. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imelegea, maji yatachemka na kusukumwa kwenye chupa ya akiba hadi yamwagike. Nunua wenye namba ileile iliyokuja na gari. Ukiweka wa presha kubwa zaidi unatafuta kupasua rejeta. Mfuniko una pia valvu ndogo ya kurudisha maji kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Ukikuta chupa imejaa lakini rejeta ina upungufu, shuku valvu hiyo au kimpira chembamba kinachokwenda kwenye chupa. Ndiyo maana kutazama chupa peke yake hakutoshi.

Kwa maji yanayotoka nje, kifaa cha maana ni pampu ya kupimia presha ya rejeta. Jaza maji injini ikiwa ya baridi, funga pampu mahali pa mfuniko, pandisha hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko (1.1 ni kama psi 15 au 16), kisha uache dakika 10. Mshale ukishuka, chukua tochi. Tazama pale tanki la plastiki la rejeta linapokutana na bati la alumini, kwenye vibano vya hozi zote, kwenye nyumba ya themostati, na kwenye vihozi vyembamba vinavyopeleka maji kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), ambavyo husahaulika. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo. Kikiwa na alama ya waridi, kijani au chumvi nyeupe iliyoganda, sili ya ndani imekufa na pampu inabadilishwa. Kumbuka pia hita ya kabini, ambayo nayo hupitisha maji haya. Kapeti la mbele likiwa limelowa, kioo kikifunga ukungu wenye mafuta na kabini ikanukia utamu, maji yanavuja kwenye hita. Kuna uvujaji unaoonekana kwenye presha tu, injini ikiwa ya moto, na matone hukaukia kwenye bloku kabla hayajafika chini. Sakafu kavu ya gereji si ushahidi.

Mshale ukishuka na nje hakuna tone, maji yanaingia ndani. Hapo dalili moja isikutoshe. Povu la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili linaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu. Likiwa kwenye stiki ya oili pia, hiyo ni habari nyingine, na gari lisiwashwe tena. Stiki ikiwa safi, washa injini ya baridi, mfuniko ukiwa umefungwa, na ushike hozi ya juu. Ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Chomoa plagi zote nne: ile iliyo safi kuliko wenzake kana kwamba imeoshwa inaonyesha silinda inayokunywa maji. Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta. Ikivuta gesi ya moshi inageuka njano. Ukipima kompresheni (presha ya ndani ya silinda) na kukuta silinda mbili jirani ziko chini pamoja, gasketi iliyo kati ya hedi na bloku imekatika katikati yake.

Kuna gari linalochemsha bila kupungua maji kwanza, na hapa swali la thamani ni: linachemsha wakati gani? Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu, tazama feni. Washa AC, feni isipozunguka, kagua fyuzi na relei, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Likiwa sawa mjini lakini linachemsha kwenye mlima mrefu kama Kitonga wa barabara ya Iringa, feni haina kosa. Rejeta imeziba, au themostati haifunguki yote. Tope na wadudu hukaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo kuosha kwa mbele hakufiki. Ilegeze rejeta, uoshe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya nguvu ndogo ili mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yasilale.

Themostati inapimwa kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Ya injini hii inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84 na inapaswa kuwa wazi kabisa ikifika 95. Ikikataa, weka mpya. Tafadhali usikubali itolewe na pengo liachwe tupu. Bila themostati injini inakwenda baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na vyuma vinasagika mapema. Kwenye injini ambazo themostati ina sahani ya pili ya kufunga njia ya mkato, kuiondoa kunafanya sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi kwenye mlima. Dawa za kuziba matundu nazo hazichagui tundu. Zinaziba mirija ya rejeta na ya hita pia.

Gasketi ya hedi ikithibitika, usikubali ibadilishwe bila hedi kupimwa. Alumini iliyochemka hupinda, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itarudi kukatika. Kwa injini hii kikomo cha kupinda upande wa bloku ni milimita 0.05, na hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka pamoja na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari. Uso wa bloku unapimwa vilevile. Boliti za hedi ni 10: zinalegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, na kukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa nguvu ya Nm 29, kisha kuzungushwa digrii 90, kisha digrii 90 tena. Fundi asiye na spana ya kupimia nguvu asiiguse kazi hii. Boliti zilizovutika zisirudishwe, na uso usisuguliwe kwa msasa wa mkononi. Kama maji yalichanganyika na oili, mwaga yote, badilisha filta, na urudie kumwaga oili baada ya siku chache.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au ile nzito nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa, mradi yasiwe asidi. Maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya Dar es Salaam, yanakula alumini na kuacha magamba kwenye mirija. Egesha pua ya gari ikiwa juu, weka hita kwenye moto wa mwisho, mimina polepole ukiiminya hozi ya juu. Washa, acha mfuniko wazi, ongeza kadiri hewa inavyotoka, ukishikilia mizunguko 2,000 kwa dakika kwa vipindi vifupi. Feni ikishawaka na kuzima mara mbili, na hita ikitoa joto la kweli, funga. Kama mfumo ulikuwa mtupu na umeingiza lita 3 tu, kuna hewa ndani. Kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni: ina utamu na ni sumu, watoto na mbwa huionja.

Likikuchemkia njiani, zima AC, fungua hita yote na utafute pa kusimama. Ukiona mvuke, zima injini papo hapo. Kilomita 2 za kujisogeza hadi gereji zinatosha kuipinda hedi. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto. Subiri nusu saa au zaidi.

Baada ya matengenezo, piga mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, na kwa siku 7 tazama kila asubuhi chupa na mdomo wa rejeta. Siku ya kwanza au ya pili maji yanaweza kushuka kidogo, hewa iliyobaki ikitoka. Yakiendelea kushuka siku ya nne, rudisha gari kwenye pampu ya presha kabla hujaongeza hata kikombe.