zram inakataa kubadilishwa kibanaji: tatizo ni mpangilio

Swali: Nina steshenari Moshi, kompyuta zangu zina RAM ya GB 4 na zinatumia Linux. Nimeweka ukubwa wa zram0 (kifaa cha zram, yaani sehemu ya RAM inayohifadhi data ikiwa imebanwa), kisha nikaandika zstd (aina ya kibanaji) kwenye comp_algorithm, faili la kuchagua kibanaji, ikajibu "Device or resource busy". Nikijaribu "sudo echo zstd >" kwenye faili hilo, napata "Permission denied". Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, hayo ni makosa mawili tofauti. Kwenye zram, kuandika ukubwa kwenye faili la disksize ndiko kunakowasha kifaa. Papo hapo kerneli (kiini cha Linux) inatenga jedwali la kurasa na kushika kibanaji kilichochaguliwa, na kuanzia hapo hakibadiliki mpaka uandike 1 kwenye faili la reset. Reset nayo inagoma kifaa kikiwa bado ni swapu (hifadhi ya ziada ya RAM ikijaa). "Permission denied" inatoka kwenye sheli (programu inayopokea amri zako): sudo inampa mamlaka echo peke yake, lakini anayefungua faili kwa alama ya > ni sheli yako ya kawaida. Tumia tee, ambayo hufungua faili yenyewe kwa mamlaka ya sudo:

sudo swapoff /dev/zram0
echo 1 | sudo tee /sys/block/zram0/reset
echo zstd | sudo tee /sys/block/zram0/comp_algorithm
echo 4G | sudo tee /sys/block/zram0/disksize
sudo mkswap /dev/zram0
sudo swapon -p 100 /dev/zram0

Funga vivinjari kabla ya swapoff, kwa sababu data yote iliyobanwa inarudi kwenye RAM ikiwa imefumuliwa, na mashine ya GB 4 inaweza kuganda. Usiruke mkswap (amri ya kuandaa kifaa kiwe swapu), maana reset imefuta kila kitu.

Hiyo 4G ni ukubwa wa data kabla ya kubanwa, si RAM inayoliwa. Kifaa kitupu hula takriban asilimia 0.1 tu ya ukubwa huo, yaani kama MB 4. Usizidishe mara mbili ya RAM yako, kwani ubanaji wa kutarajia ni data kupungua hadi nusu. mem_limit (kikomo cha RAM ambayo zram inaruhusiwa kutumia) ningeiacha: ikifikiwa, uandishi kwenye swapu unashindikana.

Baada ya siku ya kazi soma /sys/block/zram0/mm_stat. Namba ya 1 ni data halisi, ya 3 ni RAM iliyotumika, zote kwa baiti. Zikikaribiana, data yako haibaniki na zram haikusaidii.

Mipangilio hii hupotea umeme ukikatika. Kama amri ya zramctl inaonyesha zram0 tayari ina ukubwa mara tu mashine inapowaka, huenda zram-generator (programu inayoandaa zram mashine inapowaka) imekutangulia. Basi weka kibanaji na ukubwa ndani ya /etc/systemd/zram-generator.conf.