Hospitali ina haki ya kumkataa mgonjwa asiye na cheti cha Korona?

SWALI: Wakili, mwaka 2020 mama alishindwa kupumua usiku. Hospitali moja ya kibinafsi ikakataa kumpokea mpaka tulete cheti cha kupimwa Korona na dipoziti. Baadaye tuliwekwa karantini, tukaambiwa hatutoki bila kulipa. Sheria iliruhusu hayo? Bado tunaweza kushtaki? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kumkataa, hapana. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na hakikutenga wakati wa janga. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inadai hospitali iitulize hali ya mgonjwa, au ikishindwa impangie rufaa, yaani apelekwe hospitali nyingine yenye uwezo. Kuambiwa getini "jaribuni kwingine" si rufaa. Faini kwa hospitali iliyokuwa na uwezo ikakataa hufika shilingi milioni 3. Wangeweza kumtenga mama, kuvaa mavazi ya kinga na kumpima akiwa kwenye oksijeni. Habari ya dipoziti ingengoja.

Tarajieni watajitetea kwamba vitanda au oksijeni vilikuwa vimeisha, na utetezi huo una uzito kwa sababu kosa linategemea uwezo. Kwa hiyo andikeni barua, mkitumia Kifungu cha 35 cha Katiba kuhusu haki ya kupata habari, mwombe rekodi za idara ya dharura za usiku ule.

Karantini ni ngumu zaidi. Sheria ya Afya ya Umma, kifungu cha 27, inaruhusu aliyekaribiana na ugonjwa atengwe kwa cheti cha daktari na amri ya hakimu, tena kwa gharama ya mamlaka ya eneo. Kanuni za Korona za 2020 ziliwaongezea maafisa nguvu, hivyo singeegemea sana kule kuchukuliwa kwenu. Ningeshambulia kule kuzuiliwa kwa sababu ya bili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa deni la hospitali kulikiuka haki zao. Machi 2016 ikasema kifungu hicho cha 27 hakikuhalalisha kuwatia wagonjwa wa TB katika jela ya Kapsabet. Kutenga ni tiba, si adhabu wala njia ya kukusanya madeni.

Kuhusu muda: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, nao umepita. Kesi ya kikatiba haina ukomo uliowekwa, ila jaji atataka kujua mlikuwa wapi miaka yote hii. Malalamiko kwa Baraza la Madaktari yanaweza kwenda sambamba nayo.