Kiingereza cha ripoti za uhandisi, mtandaoni au darasani? Usilipe kabla hujauliza hili

Mkuu, usilipe kwanza. Umesema uko mwaka wa tatu uhandisi ujenzi, mradi wa mwisho unakaribia, Kiingereza cha kuandikia ripoti kinakusumbua, na umepata kozi ya mtandaoni yenye video zaidi ya mia mbili na cheti mwishoni. Unauliza uchukue hiyo au uingie darasani, ujipe miezi mingapi, na kama simu inatosha. Nilipofika kwenye "video na cheti" moyo ulinipasuka, maana njia hiyo nimeipita na ilinila muhula mzima.

Kozi yangu ilikuwa hivyohivyo. Unatazama video, unajibu maswali ya kuchagua, ukipatia inatokea alama ya kijani, unasonga mbele. Na mtu asiniambie nilikuwa mvivu: nilizitazama mpaka simu ikapata moto wa pasi. Nilimaliza kabla ya muda, alama tisini na kitu. Ila katika miezi yote ile sikuandika hata aya moja ikasomwa na binadamu. Hilo sikuliona, macho yalikuwa kwenye kijani.

Ikaja ripoti. Mradi wangu ulikuwa wa zege: ukiongeza maji kwa saruji ileile, nguvu ya kuhimili mgandamizo inashuka. Michemraba yangu ya zege, iliyovunjwa ikiwa na siku 28, ilitoka megapaskali 30 (kipimo cha nguvu hiyo) ikashuka hadi 24. Yaani nguvu imepungua kwa asilimia 20. Kwa Kiswahili hata mtoto hachanganyi "kwa" na "hadi". Mimi kwa Kiingereza nikaandika "decreased to 20%" (hadi) badala ya "decreased by 20%" (kwa). Umeona nilichosema? Nimesema imebaki asilimia 20 ya nguvu ya mwanzo, megapaskali 6! Nikaandika hivyo kwenye ikisiri, nikarudia kwenye matokeo, nikarudia kwenye hitimisho. Jedwali linasema 24, maneno yangu yanasema 6.

Siku ya kutetea, mtahini mmoja akaniuliza: kati ya jedwali na maelezo, kipi umekitunga? Sikutunga chochote. Kila mchemraba niliumwagia zege na kuuvunja kwa mikono yangu. Lakini jopo likishaingiwa na shaka juu ya takwimu zako, kulieleza kwamba ulikusudia "by" hakusaidii kitu. Wakafungua sura ya mbinu, wakakuta kila mahali ambapo kiwango, yaani mwongozo rasmi wa jaribio, kinasema "shall" mimi nimeweka "should". Kwenye lugha ya viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, "shall" ni sharti na "should" ni pendekezo. Kwa maandishi yangu mwenyewe, hatua zote za jaribio zilikuwa hiari. Ripoti ikarudishwa, utetezi ukasogezwa muhula uliofuata. Wenzangu wakamaliza, mimi nikabaki na zege langu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba zoezi la "to" na "by" lilikuwamo kwenye kozi ile, na nililipatia. Ndiyo, kwa sababu maneno yote mawili yamewekwa mbele yako, unachagua. Ukiandika mwenyewe hakuna anayekuwekea mawili. Linakuja lile lililozoea kuja, na kama halijawahi kukatwa kwa kalamu nyekundu litakuja hivyohivyo mpaka kwenye ikisiri. Aliyeniuzia kozi nilimuuliza wazi, nitajua kuandika ripoti? Akasema ndiyo, bila kusita, huku akijua kozi yote haina mwalimu hata mmoja anayesoma kazi za wanafunzi. Ameniuzia kutazama, akasema ndiko kuandika. Sijamsamehe.

Lakini usikimbilie darasani ukadhani umeokoka. Darasa la kwanza nililoingia tulijaa zaidi ya hamsini, tunafundishwa barua ya kuomba kazi, daftari halikusanywi. Nikaondoka wiki ya tatu. Kilichoniokoa ni darasa dogo la jioni: kila wiki unapeleka ukurasa mmoja wa kazi yako halisi, unarudi umechorwachorwa, unauandika upya, unaurudisha. Aya yangu ya matokeo ilirudi mara nne. Mara ya pili nilitaka kuacha. Mara ya nne nilianza kulisikia kosa kabla sijaliandika, na hapo ndipo nilipojua najifunza. Mwenzangu mmoja alipita njia hiyohiyo mtandaoni tupu, anatuma faili, mwalimu anaandika maoni pembeni, na alifika vizuri kabisa. Kwa kuongea darasa ni bora, hapo sina mengi.

Kwa hiyo waulize hao wa kozi yako maneno haya haya: nani atasoma nilichoandika mimi, mara ngapi kwa mwezi, na nikikiandika upya atakisoma tena? Wakikujibu kwamba kuna mfumo unaosahihisha wenyewe, au kuna kikundi cha wanafunzi mtasaidiana, funga ukurasa. Wakisema yupo mwalimu, omba asome ukurasa mmoja wako kabla hujalipa, uone anavyorudisha.

Na wakati unasubiri majibu yao, weka hapahapa aya moja ya ripoti yoyote ya maabara uliyowahi kuandika. Usiipambe, iweke ilivyo. Nitaisoma leo usiku.