Upendo, kuhusu nani aongoze timu yenu

Mwanangu Upendo,

Kamwene. Huku Mufindi ukungu haujaondoka tangu juzi, kwa hiyo nimepata muda wa kukujibu vizuri. Umeniambia mkuu wenu ameondoka, na ninyi sita mnaosanifu miradi ya maji ya vijiji vya Ludewa mmeambiwa mchague: awepo kiongozi mmoja, na wengi wanakutaja wewe, au muongoze kwa pamoja. Meneja amekutolea methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Unauliza mimi niliyesimamia zamu kiwandani naonaje.

Naona muongoze pamoja. Ila usikimbilie kuwaambia wenzako kabla hujamaliza kusoma.

Jani la chai halisubiri mtu. Linanyaushwa saa 12 hadi 18, linakatwa, kisha linaachwa lichachuke kama saa moja au moja na nusu, ndipo liingie kwenye kikaushio. Likipitiliza hapo, ladha imekufa. Nilipoanza kazi, zamu yetu ilikuwa ya bwana mmoja, kila kitu mpaka aseme yeye. Alikuwa hodari, simsemi vibaya. Usiku mmoja akaitwa kwenye boila. Mama wa kuchachusha, aliyekuwa amenusa majani miaka na miaka, alijua kabisa kwamba jani limefika, lakini akakaa anamsubiri. Chai ile ilitoka imefubaa, ikauzwa bei ya kutupa.

Aliyemfuata alitugawia: kila hatua iongozwe na anayeijua, na wengine tumfuate, yeye mwenyewe akiwemo. Baadaye kwenye mafunzo nilisikia habari za Mary Parker Follett, Mmarekani aliyefariki 1933, aliyefundisha kwamba amri itokane na hali ya kazi yenyewe, si na cheo cha mtu. Nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu. Usichanganye jambo hili na vikao ambavyo bosi anasikiliza wote kisha anaamua peke yake. Hapo bosi ni yule yule, ila mpole.

Sasa nikwambie la Machi moja, maana hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa kirefu. Machi mvua ni nyingi na jani linakuja kwa malori. Jioni umeme ukakatika. Ilibidi mashamba yaambiwe yaache kuleta. Mimi nilidhani fundi mitambo ameshapiga simu, fundi alidhani wa mizani, wa mizani alidhani mimi. Malori yakaendelea kuingia, jani likarundikana, likapata joto, likawa jekundu mikononi mwetu. Tulikuwa viongozi wanne, na jambo lile halikuwa la yeyote. Nilifikiria wale kina mama waliochuma siku nzima kwenye mvua, nikalia. Tangu usiku ule tuliandika ubaoni kila zamu: likitokea la ghafla, fulani ndiye mwenye neno.

Kazi yenu inafaa kugawana kuliko hata yetu. Mpimaji ndiye anayejua kama chanzo kiko juu ya kijiji kiasi cha kuleta maji kwa mserereko, kwa hiyo hapo wote mumfuate. Mabomba ni yako. Kwenye mkutano wa kijiji, afisa jamii aongoze nawe ukae kimya, hata kama unajua jibu. Lakini bomba likipasuka mtaroni, mkandarasi asiwapigie watu sita. Wekeni jina moja, hata kama mtabadilishana kila mwezi.

Kuna maneno yako yamenikaa moyoni: “mambo yakiharibika, lisiwe langu peke yangu.” Kama hiyo ndiyo sababu ya kutaka uongozi wa pamoja, mwanangu, usiuchukue. Mnapoongoza pamoja, lawama ya mpimaji ni yako pia, na unatakiwa kumwambia amekosea siku ile ile, mbele ya chai, si baada ya mradi kukauka. Unaweza?

Anza na yeye. Kaa naye wiki hii, mwulize ni maamuzi gani anataka yawe yake, kisha uniandikie alichosema. Viazi nimevituma kwa basi la Jumamosi.

Mama yako