Chai ya Bishkek: ushuru mara moja, lakini mpaka ni mpaka

SWALI: Sisi ni mawakala wa forodha hapa Mombasa. Mnunuzi wa Bishkek, Kyrgyzstan, anataka kontena la chai lipitie China kisha Kazakhstan. Anadai Kazakhstan na Kyrgyzstan ni umoja mmoja, hivyo mpakani mwao mzigo hausumbuliwi. Ni kweli?
– Msomaji, Shimanzi

JIBU: Kuhusu ushuru, ni kweli. Zote mbili zimo katika Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia: Kazakhstan tangu Januari 2015, Kyrgyzstan tangu Agosti mwaka huo. Ushuru hulipwa mara moja tu. Mteja wako akiulipia mzigo ushuru Bishkek, utapita Kazakhstan kwa transiti, ukiwa na sili. Akinunua chai iliyokwisha kulipiwa ushuru Almaty, Kazakhstan, hana ushuru tena, ila VAT ya kwao, asilimia 12, inamngoja. Ritani ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kusumbuliwa ni jambo jingine. Oktoba 2017 Rais Almazbek Atambayev wa Kyrgyzstan aliishutumu Kazakhstan hadharani kwamba inaingilia uchaguzi wao. Siku chache baadaye Kazakhstan ikakaza ukaguzi, ikisema inazuia magendo, na malori yakajazana kwenye mpaka wa Korday, katika barabara ya Almaty–Bishkek. Viwango vya ushuru havikuguswa. Ni malori tu yaliyokuwa hayaendi, na hali haikutulia mpaka Rais mpya, Sooronbay Jeenbekov, alipoelewana na serikali ya Kazakhstan Desemba. Mombasa mnayajua haya: Rwanda na Uganda zote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mpaka wao wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022.

Kwa hiyo uzeni FOB Mombasa, yaani jukumu lenu liishie mzigo ukishapakiwa melini. Mkikubali kufikisha Bishkek, kila siku ya foleni ni gharama yenu.

Kabla ya kupakia, ulizeni kama kampuni ya meli inaruhusu kontena lake kuvuka China. Isiporuhusu, chai itahamishiwa kontena jingine bandarini, na hapo magunia huchanika au kupata unyevu. Khorgos au Dostyk, mpakani mwa China na Kazakhstan, kontena hunyanyuliwa tena kwa kreni, maana reli ya China ni milimita 1,435 kama SGR yetu, na ya Kazakhstan ni 1,520, upana wa enzi za Kisovieti. Msimu wa baridi, unyevu wa hewa ya Mombasa uliofungiwa ndani hugeuka matone darini: tandazeni karatasi nzito ukutani na mtundike mifuko ya kufyonza unyevu.